Jina Katika Safu ya Nne

Mtu akiniambia kompyuta imekosea, huwa namwuliza: jina lake nani? Maana kompyuta haina jina. Aliyekosea ana jina, ana kiti na meza, na mara nyingi ana kiburi. Mwaka 1996 mtu huyo aliitwa Valeria, yaani mimi, mwingiza takwimu wa mradi wa afya ya watoto pale Ifakara.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili, feni moja na kabati la disketi ambalo ufunguo wake niliuvaa shingoni kama rozari. Nilikuwa nimetumwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya wiki mbili, na niliporudi nilijiona nimeshamaliza elimu yote ya dunia. Nilikuwa mkali. Wahojaji waliokuwa wakizunguka vijijini kwa baiskeli walinipa jina la Mama Marudio, kwa sababu fomu yenye kosa moja niliirudisha, hata kama mwenyewe katoka kijiji cha Mbingu na tope mpaka magotini. Sikujali. Nilisema heri mhojaji anune kuliko mtoto apotee kwenye kumbukumbu.

Katika jedwali letu kila mtoto wa chini ya miaka mitano alikuwa na mstari wake. Mstari ulianza na namba ya nyumba, kisha jina la mtoto, kisha tarehe ya kuzaliwa. Safu ya nne ilikuwa jina la mama. Safu ya tano ilikuwa jina la mlezi. Kwa watoto wengi majina hayo mawili yalikuwa jina moja, mama ndiye mlezi, basi. Lakini bonde hili la Ifakara lina watu wa kuhamahama na lina misiba. Wapo watoto waliolelewa na bibi, na shangazi, na mke mdogo, na jirani mwenye huruma. Kwa hao majina yalitofautiana.

Na hapo palikuwa na kanuni ambayo niliitunga mimi mwenyewe na kujisifia. Siku za mwanzo wahojaji walikuwa wakifika mlangoni wanasoma jina la mama kwa sauti, na mara mbili walilisoma jina la marehemu mbele ya watu waliomzika. Nikasema, kuanzia leo mlangoni linasomwa jina la mlezi peke yake. Jina la mama likiwa tofauti, linabaki kwenye karatasi, halitamkwi. Bwana Stanislaus, msimamizi wetu, aliipenda kanuni hiyo mpaka akaipiga chapa na kuibandika ukutani.

Mwezi wa pili zikaja fomu mpya. Waliozitengeneza walimtanguliza mlezi, mama akafuata, kwa kuwa mlezi ndiye anayefungua mlango. Kwenye kompyuta mpangilio ulibaki ule wa zamani. Basi macho yangu yakawa yanasoma mlezi huku vidole vinatakiwa kuandika mama, na kwa siku nikawa nakosea mara tano, sita. Mimi, Mama Marudio! Nikamwambia Bwana Stanislaus hali hii haivumiliki.

"Basi zibadilishe safu zifuate fomu," akasema. "Lakini taratibu, Valeria. Unaijua njia. Mimi naenda Morogoro, nitarudi Jumatano."

Njia niliijua. Tulifundishwa Dar. Unatengeneza jedwali jipya tupu, safu zake zikiwa katika mpangilio unaoutaka. Unahamisha taarifa kutoka jedwali la zamani, kila safu kwa jina lake. Unahesabu mistari huku na huku. Unachukua watoto hamsini bila kuchagua na kuwalinganisha na fomu za karatasi. La zamani huligusi mpaka umeridhika, na hata ukiridhika unaliweka kwenye disketi na kuifungia. Ni kazi ya siku nzima, kama umeme haukukatika.

Lakini ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na mvua ilikuwa imeshaanza kunguruma upande wa milimani. Diski ya kompyuta ilikuwa imejaa, nafasi ya jedwali la pili haikutosha. Disketi mpya zilikuwa hazijafika kutoka Dar, na zile za nakala nilikuwa nimezifuta asubuhi ili nipate za kuanzia mwezi mpya. Nikajiambia, mbona jambo lenyewe dogo? Nikafungua ukurasa unaoonyesha muundo wa jedwali. Safu ya nne ilikuwa imeandikwa MAMA. Nikaifuta, nikaandika MLEZI. Mashine ikakataa, ikasema jina hilo limeshatumika. Hilo ndilo onyo pekee nililopewa, nami nikalipita kwa ujanja: safu ya nne nikaiita XX kwa muda, ya tano nikaiita MAMA, kisha XX nikaigeuza kuwa MLEZI. Dakika nne. Feni bado inazunguka, mvua haijafika.

Mwenye nyumba anayetaka wapangaji wawili wabadilishane vyumba hawezi kubadilisha vibao vya milangoni akaenda kulala. Mimi ndivyo nilivyofanya. Vibao vilibadilika na watu wakabaki vyumba vile vile.

Nilikagua, usidhani sikukagua. Niliangalia mistari ishirini ya kwanza, iliyojaa kioo kizima cha kompyuta. Yote sawa. Ilikuwa sawa kwa sababu kwa watoto wale ishirini mama na mlezi walikuwa mtu mmoja, hata ungeyageuza majina mara mia. Nikafunga ofisi nikaenda zangu nyumbani, na Jumatano nikampokea Bwana Stanislaus kwa kujidai.

"Umehesabu?" akauliza.

"Elfu tisa mia mbili kumi na nne kabla. Elfu tisa mia mbili kumi na nne baada. Hajapotea hata mmoja."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilisema kweli.

Wiki zilizofuata niliingiza fomu mpya mia nne na kumi na mbili, nyingi za familia za wafugaji waliohamia na ng'ombe wao toka Usukuma. Mpangilio sasa ulikuwa mtamu, macho na vidole vinakwenda pamoja. Kila Ijumaa niliipanga upya mistari yote kwa namba za nyumba kama ilivyokuwa desturi yetu, hivyo wageni wakachanganyika na wenyeji, wapya katikati ya wa zamani. Mwishoni mwa Machi tukachapa kadi za kuwaita watoto kupimwa damu na uzito. Kila kadi ilikuwa na jina la mlezi juu, jina la mtoto chini yake, na chini kabisa mwezi wa kuchapwa: Machi 1996. Wahojaji wakazibeba wakaenda.

Wa kwanza kurudi na habari alikuwa Fredy, kijana mpole aliyehamishiwa kwetu mwaka ule ule. Aliingia ofisini bila kubisha, jambo ambalo si tabia yake.

"Dada Valeria, jana Mbingu wamenitimua."

"Umefanya nini tena?"

"Nimesoma jina la mlezi kama tulivyoelekezwa. Mwanamume akatoka na fimbo. Kumbe mwenye jina hilo ni mke wake, na amemzika kabla ya Krismasi."

"Basi umesoma kadi ya nyumba nyingine."

"Namba ilikuwa ile ile, dada."

"Fredy, mimi nakaa na haya majina kutwa. Wewe unakaa na baiskeli. Rudi ukasome vizuri."

Aliniangalia kidogo, akaokota mfuko wake akatoka. Nikikumbuka uso wake siku ile natamani ardhi inimeze.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, nikasikia hodi. Alikuwa mama wa makamo ya kwenda uzee, kanga mbili safi, miguu imekauka tope la kijivu. Mkononi alikuwa na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe unayeandika majina?"

"Ndiye mimi."

"Basi huyu ni wako." Akamweka jogoo juu ya meza, juu kabisa ya fomu zangu. "Ni wa asante. Sina kikubwa. Mimi naitwa Yosefina, natoka Michenga. Umeniandikia mwanangu."

Akafungua pindo la kanga akatoa kadi yetu, imekunjwa mara nne. Sikuelewa. Nikaisoma: Mlezi wa mtoto, Marsiana. Mtoto, Merina. Machi 1996.

"Marsiana ni mwanangu wa mwisho," bibi akasema. "Merina ni wake. Alimwacha hajatimiza mwaka, akapanda treni kwenda Mbeya kutafuta biashara ya mitumba. Alisema miezi miwili. Sasa ni mwaka wa tatu, hakuna barua, hakuna salamu, hakuna mtu aliyemwona. Ukoo wamenisema mpaka wamechoka. Yosefina, kubali. Yosefina, tuweke matanga mwanao apumzike. Mwaka huu nikakubali. Pombe ikapikwa, watu wakaitwa, ilikuwa iwe Jumapili. Jumamosi akaja kijana wenu na baiskeli, akasimama mlangoni akaita, Marsiana, mlezi wa Merina! Nikamwuliza nani kakwambia jina hilo? Akasema limeandikwa kwenye kompyuta. Nikampelekea mwalimu kadi, akaisoma kama alivyosoma yule kijana. Akanionyesha na mwezi. Mwezi huu huu."

Alipokuwa akisema kitambaa cha kichwa kilimteleza, nikaona kichwa. Kilikuwa kimenyolewa, na nywele zimeanza kuchomoza, nyeupe kama unga.

"Watu nikawarudisha," akaendelea. "Mtu hawekewi matanga huku kajiandikisha. Sasa mwanangu, niambie wewe uliyemwandika. Alikuja hapa mwenyewe, au mlimkuta wapi? Amenenepa au amekonda?"

Niligeukia kompyuta ili nisimwangalie. Nikatafuta namba ya nyumba. Mstari ukaja: Merina, alizaliwa 1992, mlezi, Marsiana, mama, Yosefina.

"Bibi," nikasema, "una umri gani?"

"Reli ya Mchina ilipopita hapa nilikuwa na watoto wanne."

Reli ile ilipita zaidi ya miaka ishirini nyuma; mwanamke huyo hakuweza kumzaa mtoto wa miaka minne. Nikaangalia tena vichwa vya safu, MLEZI, MAMA, na nikaiona ile Ijumaa yote, dakika nne, XX. Nikamkumbuka Fredy na fimbo ya Mbingu. Kanuni yangu nzuri ya ukutani ilikuwa imegeuka kinyume: majina yale tuliyoapa kutoyatamka mlangoni ndiyo tuliyokuwa tukiyaita kijiji baada ya kijiji kwa sauti kubwa.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe machache: bibi, nimekosea, mwanao hatujamwona. Alikuwa amekaa mbele yangu, amenisogezea uso kama mtu anayesubiri kupewa maji. Nami nikasema, "Bibi, nenda kwanza. Rudi Ijumaa, nitakuwa nimeangalia vizuri."

"Ijumaa," akaitikia kwa furaha. "Hata kama ni Mbeya, nitakwenda."

Akaondoka. Jogoo akabaki mezani ananiangalia kwa jicho moja.

Mchana ule nilimwambia Bwana Stanislaus kila kitu, nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeshauficha saa tatu nzima. Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angefoka. Akauliza swali moja.

"Nakala ya Februari iko wapi?"

"Nilifuta disketi."

Akavua miwani, akaiweka juu ya meza. Fredy alikuwa mlangoni, kasikia yote. Nikamgeukia nikamwomba radhi mbele ya bosi. Akasema, "Yamepita, dada," lakini hayakuwa yamepita.

Kwanza nilidhani tutarudisha vibao tu na mambo yaishe. Kupanda mchongoma rahisi, kushuka ndiyo ngoma. Tukivirudisha, wale wa zamani wangenyooka na wale mia nne na kumi na mbili niliowaingiza baadaye wangepinduka, na wote walikuwa wameshachanganyika kwa namba za nyumba. Hakukuwa na alama ya kutenganisha wa kale na wa sasa. Alama pekee ilikuwa kwenye karatasi.

Tukaiambia mashine itupe kila mstari ambao mama na mlezi hawafanani. Ikatupa mia sita thelathini na nane. Kwa hao, tukafungua maboksi ya stoo, mengine yameliwa kona na mchwa, tukaitafuta fomu ya kila mtoto, mmoja anasoma, mmoja anaangalia kioo, mmoja anatia alama. Na safari hii tuliifuata njia ya Dar hatua kwa hatua. Jedwali jipya tupu. Kila safu kuhamia kwa jina lake. La zamani halikuguswa. Bwana Stanislaus alikwenda mwenyewe kwenye shirika la jirani akaazima disketi kumi.

Alhamisi mchana nikaifikia fomu ya Merina. Karatasi ya mwaka 1994, mwandiko wa mhojaji aliyekwisha acha kazi. Mama: Marsiana. Mlezi: Yosefina, bibi. Na pembeni, kwa kalamu iliyofifia: mama amesafiri, hajulikani aliko.

"Kesho anakuja," nikasema.

"Mwambie mashine ilikuwa na hitilafu," Bwana Stanislaus akasema bila kuinua kichwa. "Hataelewa zaidi ya hapo."

Alikuwa ananionea huruma, najua. Na nilitamani. Neno hitilafu lilinikaa mdomoni kama pipi. Lakini nilimfikiria yule bibi akitembea njia yote ile kwa mara ya pili, na nguo zake safi, kuja kuambiwa hitilafu. Nikaona hapana, safari hii mguu ni wangu. Nikaichukua ile fomu, nikaazima baiskeli ya Fredy, nikamfunga jogoo nyuma, nikaenda Michenga.

Mvua ilikuwa imekatika lakini njia ilikuwa tope tupu, sehemu kubwa niliivuta baiskeli badala ya kuipanda. Nilipofika niliikuta nyumba imekandikwa upya, udongo bado unyevunyevu. Ndani, kupitia mlango, niliona kitanda kimetandikwa shuka la maua lenye mikunjo ya dukani. Mtoto wa kike alikuwa akicheza kizingitini, na bibi Yosefina akipepeta mpunga. Kando yake alikaa mzee mwembamba, ambaye bibi alinitambulisha kwake: kaka yake, Polikarpo, mkubwa wa ukoo.

"Umemleta?" bibi akauliza, akaangalia nyuma yangu njiani.

Nikapiga magoti palepale uwanjani mbele ya nyumba. Nikawaamkia wote wawili. Kisha nikasema kama nilivyopanga, bila kupunguza. Kwamba hakuna aliyemwona Marsiana. Kwamba hakuja ofisini. Kwamba jina lake tunalo tangu miaka miwili nyuma kama mama wa mtoto, na mimi, kwa haraka yangu na ujuaji wangu, nilibadilisha majina ya safu nikamweka mama mahali pa mlezi. Kwamba Machi ni mwezi wa kuchapa kadi, si wa kuonekana mtu. Nikaitoa fomu ya zamani, nikawasomea mpaka yale maneno ya pembeni. Nikasema, "Kosa ni langu, bibi. Si la mashine wala la yule kijana. Nisameheni."

Mzee Polikarpo alifumba macho. Bibi Yosefina aliendelea kupepeta, mara tatu, mara nne, kisha akaweka ungo chini.

"Karatasi hiyo ya nani?"

"Yetu, bibi."

"Na kadi niliyo nayo?"

"Nayo yetu."

"Ipi ya zamani?"

"Hii. Ya mwaka tisini na nne."

"Kwa hiyo ya zamani inasema hajulikani, na mpya inasema yupo." Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Na wewe unanitembelea kwa miguu unataka niamini ya zamani."

"Mpya ni kosa, bibi. Nililifanya mimi."

"Nimesikia. Unasema siku ile ulikosea. Mtu aliyekosea siku ile, leo anashindwaje kukosea?"

Mimi niliyewarudishia watu fomu zao kwa nukta moja, niliyejua kusema "hii siipokei" kwa sauti ya kukata, nilibaki nimepiga magoti pale. Nikanyoosha mkono nikaomba basi anirudishie kadi. Akaifunga kwenye pindo la kanga, akalikaza fundo kwa meno.

"Na jogoo ondoka naye," akasema. "Zawadi hairudishwi."

Mzee Polikarpo alinisindikiza mpaka njia panda. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Miaka mitatu nimemsihi," akasema. "Alikuwa halali usiku, anakaa mlangoni kila treni inapolia. Mwaka huu akakubali. Alinyoa kichwa mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, akalia kwa mara ya kwanza. Nikasema, sasa dada yangu atapona. Ilibaki siku moja." Akanishika mkono kuniaga. "Hatakubali tena, binti yangu. Wewe nenda tu."

Nilivuta baiskeli hadi Ifakara nikilia, na watu niliokutana nao waliniambia pole kwa msiba, nami niliitikia asante.

Kazi sikufukuzwa. Jedwali tulilinyoosha lote kwa siku tisa. Tulihesabu mistari elfu tisa mia sita ishirini na sita huku na huku, na kila mama na kila mlezi akarudi chumbani kwake. Mbingu nilikwenda mwenyewe na Fredy kumwomba msamaha yule mwanamume, akatusikiliza akatupa viti. Watu wa ofisini walisema tumeokoa kila kitu, hakuna taarifa iliyopotea. Bwana Stanislaus akabandika kanuni mpya chini ya ile yangu: mhojaji anaandika anachoambiwa na wenye nyumba, na mwingiza takwimu anaingiza kilichoandikwa kwenye karatasi, hapunguzi wala haongezi, hasahihishi kwa akili yake. Aliiandika kwa ajili yangu. Nami niliikubali kwa moyo wote.

Julai wahojaji walizunguka tena. Fredy akaniletea fomu za Michenga, akaiweka moja juu ya nyingine zote, hakuondoka.

"Nilimwuliza, bibi, nani anamlea huyu mtoto?" akasema. "Akasema andika Marsiana. Nikamwambia, lakini bibi, ni wewe unayempikia, ni wewe unayemwogesha. Akasema, mimi namshikia tu."

Nikaiangalia karatasi. Mlezi: Marsiana. Mama: Marsiana. Mwandiko mzuri, hakuna kilichofutwa, hakuna nafasi iliyoachwa wazi. Haikuwa na kosa lolote ambalo ningeweza kuirudishia.

Fredy alikwenda kunawa. Nikaufungua mstari wa Merina, nikamtoa Yosefina kwenye safu ya nne, ambayo sasa ndiyo ya mlezi, nikaandika jina la mwanawe. Sasa majina mawili yanafanana, kama ya watoto walio wengi. Siku tukiiambia tena mashine itupe mistari yenye majina yasiyofanana, mstari huo haitautoa.

Nikahifadhi, nikachukua fomu iliyofuata.